Pampu Iliyopanda Cheo

Nchi yenyewe haiko mbali sana, wala haiko karibu sana. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa mrefu kiasi cha mtu kuota kibiongo akiwa amesimama, na ina rais mmoja tu, ambaye wananchi wameridhika naye kiasi kwamba hawajapata kuulizwa. Jina lake ni Makwembe. Katiba inamtaja kwa cheo chake kamili: Mheshimiwa Rais, Amiri Jeshi na Mzinduzi Mkuu wa Taifa.

Katika nchi hiyo kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Zahanati ikijengwa, wagonjwa husubiri nje. Wengine hupona kwa kuchoka kusubiri, na hao huhesabiwa katika mafanikio ya zahanati. Daraja likikamilika, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu huku wakilitazama juu yao kwa matumaini. Siku Mheshimiwa anapokuja na mkasi wake, utepe hukatwa, matarumbeta hulia, na kitu huwa kimezinduliwa.

Hapo ndipo taabu ya Bi Mwamvua ilipoanza.

Bi Mwamvua alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji cha Mlonge. Yeye na wenzake waliuza ufuta wao, wakanunua pampu ya kusukuma kwa mkono, wakaichimbia kisima, wakaisimika. Kisha wakaketi kuisubiri izinduliwe. Mbuzi waliigeuza mahali pa kujikunia. Kuku walitagia chini yake. Wanawake waliipita kila alfajiri wakienda mto Kihangaiko, ambako maji yapo, lakini na mamba wapo.

Hatimaye Mheshimiwa alikuja. Alikata utepe, akasukuma mpini, maji yakatoka. Alipewa glasi, akanywa nusu, akafuta midomo na kutamka maneno ambayo magazeti yote yaliyaandika ukurasa wa mbele: "Ndugu wananchi, haya ni maji."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Msafara ukaondoka. Kabla vumbi lake halijatua, lori la serikali likaingia kijijini, vijana wenye glavu nyeupe wakashuka, wakaing'oa pampu, wakaifunga kwa blanketi kama mgonjwa, wakaenda nayo. Kisima kilifunikwa kwa bati.

Maana kulikuwa na sheria. Katika mji mkuu lilikuwa limejengwa jumba kubwa, Makumbusho na Maktaba ya Rais, ili vizazi vijavyo visije vikamsahau. Lilipokamilika lilionekana tupu, kwa sababu Rais alikuwa bado yu hai na vitu vyake alikuwa bado anavitumia. Wataalamu wakakaa, wakanywa chai, wakapitisha kwamba kila kitu alichokizindua Mheshimiwa ni kumbukumbu ya Taifa, na mahali pa kumbukumbu ni makumbusho.

Ndiyo maana asubuhi moja Bi Mwamvua alifunga khanga zake mbili mpya, akamchukua Pazia, mdogo wa marehemu mumewe, wakapanda basi kwenda mji mkuu kuidai pampu. Wiki iliyotangulia mamba alikuwa amemrarua mguu binti mmoja wa Mlonge akiteka maji. Bi Mwamvua aliapa mbele ya mama wa binti yule kwamba hatarudi bila pampu.

"Shemeji," Pazia alimwambia njiani, "tukifika, niachie mimi kuzungumza. Mimi nina suti."

"Suti ya mazishi ya kaka yako."

"Suti ni suti."

*

Mlangoni walipokewa na mwongoza wageni aliyeitwa Riziki, binti nadhifu ambaye tabasamu lake lilikuwa sehemu ya sare. Aliwaomba wavue viatu, kwa kuwa sakafu ilizinduliwa na Mheshimiwa. Aliwaomba pia wasiegemee ukuta, kwa sababu hiyohiyo, na wapumue kwa wastani.

"Hewa nayo kaizindua?" Pazia aliuliza.

"Kiyoyozi, mzee."

Walianza na Ukumbi wa Mwili. Humo mlikuwa na vijiti vya meno vya Mheshimiwa, kila kimoja katika kijisanduku chake chenye taa, na chini yake maelezo ya nyama iliyohusika. Kulikuwa na mto wenye alama ya shavu lake la kushoto. Shavu la kulia, Riziki alieleza kwa masikitiko, lilikuwa bado kwenye matengenezo.

Katika ujia wa kuelekea ukumbi wa pili walikuta kundi la wageni limesimama kimya, wengine wameketi chini, mwanamke mmoja ananyonyesha. Mbele yao zilikuwa taa za kuongozea magari, zile alizozizindua Mheshimiwa kwenye njia panda ya stesheni. Zilikuwa zimewaka nyekundu.

"Tunasubiri nini?" Bi Mwamvua alimuuliza mzee wa mbele.

"Kijani," alijibu mzee yule. "Wenye subira wamepita."

"Na huko stesheni siku hizi magari yanaongozwaje?"

"Yanagongana, bibi. Lakini kwa uangalifu."

Bi Mwamvua alizitazama taa, akawatazama waliokuwa wakizisubiri, kisha akapita. Hakuna kilichotokea. Pazia alimfuata akiwa amefumba macho.

*

Maktaba ilikuwa ukumbi wa kupendeza kuliko zote. Vitabu vilipanda mpaka darini, na wasomaji walijaa mezani, mikono yao imekunjwa, mbele yao hakuna kitu.

Riziki alishusha sauti. "Hapa tunafuata Kanuni ya Msomaji wa Kwanza. Haifai mwananchi ajue jambo kabla ya Mheshimiwa. Kwa hiyo kila kitabu anakianza yeye, na sisi tunasoma mpaka pale alipofika."

"Amefika wapi?"

"Ana kitabu cha ufugaji wa kuku. Ameingia sura ya kuatamia." Macho ya Riziki yalilowa kwa fahari. "Anasoma kwa makini sana."

"Na hivi vingine vyote?"

"Vinamsubiri."

Kwenye meza ya karibu, kijana mmoja aliyekwisha kuota mvi za mapema aliinua kichwa. "Bibi, mimi nasomea udaktari wa mifugo," alinong'ona. "Sura ya magonjwa ndiyo inayofuata. Nyumbani kuku wamekwisha, sasa wanaanza bata."

"Si ufungue tu ukurasa?"

Kijana alishtuka kama aliyeambiwa avue nguo. "Nimpite Mheshimiwa?"

*

Walipofika Ukumbi wa Uzinduzi, Pazia alimshika Bi Mwamvua mkono. Humo ndimo ilimokuwa nchi yote. Madawati ya shule yalipangwa kama yanangoja mwalimu. Gari la wagonjwa liliketi juu ya saruji, limepakwa nta. Kitanda cha kujifungulia kilizungushiwa kamba ya dhahabu. Daraja la Kihangaiko halikuenea, kwa hiyo ukuta ulitobolewa na kipande chake kikatokeza bustanini, ambako hakikuvuka chochote ila kitalu cha maua.

Na katikati, juu ya zulia jekundu, ilisimama pampu ya Mlonge. Ilikuwa imesuguliwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Kando yake iliwekwa ile glasi, na nusu ya maji aliyoyaacha Mheshimiwa. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, na ndani yake vilichezacheza viluwiluwi.

"Tafadhali msitikise meza," alisema Riziki. "Vimezaliwa kwenye maji ya Mheshimiwa. Waziri wa Afya alikuja kuvipongeza."

Bi Mwamvua alitaka aonane na mkubwa wa jumba. Akapelekwa kwa Dokta Mfaume, Mtunza Mkuu wa Kumbukumbu Hai, mtu aliyesomea ng'ambo mambo ya wafalme waliokufa, akarudi kuyafanyia kazi kwa aliye hai.

Pazia alikohoa, akavuta suti. "Mheshimiwa Dokta, sisi ni watu wa Mlonge. Tuna... yaani sisi... kuhusu ile..." Suti ikaishia hapo.

"Tumefuata pampu yetu," alisema Bi Mwamvua.

Dokta Mfaume alisimama, akaenda dirishani, kwa kuwa hakuweza kutoa hotuba akiwa amekaa. "Mama yangu, jana pampu yenu ilikuwa chuma. Leo ni historia! Haikuondoka Mlonge, imepanda cheo. Ni watoto wangapi wa Mlonge wamefika mji mkuu na kuwekwa juu ya zulia? Ninyi ni wazazi wa pampu hii. Mzazi hafurahi mwanawe akipata kazi serikalini?"

"Mwanangu, watu wanaliwa na mamba."

"Tena mna bahati," aliendelea Dokta, ambaye alikuwa hajafika mwisho. "Wanamlonge wote wataingia bure siku za sikukuu. Kila mwenye kiu na aje, aitazame, aridhike."

"Nimekwisha kuitazama. Kiu ipo palepale."

"Ulitazama kwa umbali gani?"

Bi Mwamvua aliaga kwa adabu, akatoka.

*

Nje, bustanini, Riziki aliwaonyesha mahali pa mwisho pa ziara. Lilikuwa jengo la marumaru nyeupe, lina nguzo, lina paa la shaba. Katikati palikuwa na shimo la mstatili, kingo zake zimenakshiwa, na ngazi ndogo ya kushukia.

"Hili ni Pumziko la Taifa," alisema Riziki. "Kaburi la Mheshimiwa."

"Kwani amekufa?" Pazia aliruka.

"Hapana! Limewahishwa tu. Kamati iliona isije ikachelewa."

Bi Mwamvua alichungulia shimoni. "Mheshimiwa ni Msombwe, siyo?"

"Ndiyo, bibi. Msombwe halisi."

"Mimi Mndenga."

Pazia alianza kutokwa na jasho kwenye suti. Alijua kinachokuja. Wandenga na Wasombwe ni watani tangu zamani zile ambazo hata serikali haijaweza kuzibadilisha. Mndenga akikutana na Msombwe humtukana mpaka kizazi cha saba, na Msombwe hucheka. Akipita kwake humchukulia jogoo. Na Msombwe akifa, Mndenga huvaa mavazi ya marehemu, akaigiza mwendo wake na sauti yake mbele ya wafiwa. Kisha huingia kaburini akajilaza, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Kumtoa kwa nguvu ni mwiko. Anayemvuta mtani kaburini huchukua nafasi yake humo, tena kwa haraka.

"Shemeji," Pazia alisihi, "hii si Mlonge. Hapa kuna bunduki."

"Nishikie pochi."

Akashuka ngazi, akatandika khanga moja, akajilaza chali na kukunja mikono kifuani.

*

Kengele zililia. Askari walikuja mbio, wakiongozwa na Sajini Lugome, mtu mwenye masharubu mapana kuliko mabega. Wote wakaelekeza bunduki shimoni.

"Wewe bibi! Toka!"

"Wewe Msombwe, au nimekosea? Pua hiyo naijua. Ndiyo mliyoomba kwetu mwaka wa njaa, mkashindwa kuirudisha."

Masharubu ya Sajini yalitikisika. Alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. "Mndenga huyo, jamani," aliwaambia vijana wake, akashusha bunduki. "Hatoki."

Dokta Mfaume alifika akitweta. "Mvuteni!"

"Mvute wewe, Dokta," alisema Sajini. "Mimi nina watoto."

"Hii ni imani potofu!"

"Basi si shuka? Ngazi ile pale."

Dokta Mfaume alisogea mpaka ngazi ya kwanza. Alitazama chini. Akakumbuka kwamba alikuwa na kikao.

Shimoni, Bi Mwamvua alikuwa ameanza kazi kwa mujibu wa mila. Alitunisha tumbo, akakoroma kidogo, akainua mkono kama mwenye mkasi. Ikatoka sauti ya Mheshimiwa yenyewe, ile ya redioni. "Ndugu wananchi! Hili ni shimo! Nalizindua!"

Askari mmoja alicheka. Alijiziba mdomo, lakini mwenzake naye akashindwa, na mara walinzi wote wakawa wameshika mbavu. Riziki alitafuta tabasamu lake la kazini, akakuta anacheka kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika katika jumba lile, na hakikuwa kimezinduliwa.

Ikabidi Ikulu iambiwe.

*

Mheshimiwa alikuja mwenyewe. Mawaziri waliomfuata walijipanga pande zote za kaburi wakiwa wamekasirika kabisa, wanasubiri tu kujua kiasi gani. Rais akasogea ukingoni, akainama.

"Wewe Mndenga mla panya! Unafanya nini kaburini kwangu?"

Bi Mwamvua hakufumbua hata jicho. "Napima kama utaenea, Msombwe mwizi wa kuku. Tumbo halienei. Itabidi wakuzike kwa mafungu."

Waziri mmoja alizimia. Lakini Rais alitupa kichwa nyuma akacheka mpaka miwani ikamdondoka, kicheko cha kijijini kwao, ambacho alikuwa hajakitumia tangu aanze kuitwa Mheshimiwa. Alimtukana, naye akatukanwa. Aliwatukana bibi zake, naye akarudishiwa mababu. Kisha, katikati ya tusi, akanyamaza. Wazo lilikuwa limemwingia, na kwa kuwa halikuwa na wenzake wengi huko, lilionekana likitembea usoni pake.

"Dokta," aliita taratibu. "Kaburi likiwa na mtani ndani, mwenyewe anaweza kuzikwa?"

"Kimila, Mheshimiwa, hapana. Mpaka mtani atoke."

"Na mtu asiyeweza kuzikwa... anaweza kufa?"

Dokta Mfaume alitazama mawaziri. Mawaziri walitazama paa la shaba.

"Kisayansi, Mheshimiwa," alisema Dokta, "utafiti unaendelea."

Rais alinyooka. Macho yake yaling'aa. "Basi huyu mama asitoke! Mleteeni godoro! Chai! Redio!"

Hapo ndipo Bi Mwamvua alipofumbua macho. Aliketi, akakung'uta khanga yake. "Pazia, nipe mkono. Natoka."

"Usitoke!" alipiga kelele Rais wa nchi.

"Mtani halali bure. Nipe pampu yangu."

"Mpeni pampu!"

"Mheshimiwa," alisema Dokta kwa sauti nyembamba, "imezinduliwa. Kilichozinduliwa ni kumbukumbu ya Taifa, hakirudi tena."

Bi Mwamvua akaweka mguu kwenye ngazi.

"Nitaizindua kinyume!" alisema Rais.

Na ndivyo ilivyokuwa. Utepe uliokatwa uliletwa kutoka kwenye sanduku lake la kioo, na Mheshimiwa akapewa sindano na uzi. Aliushona utepe ule mbele ya mabalozi, ulimi nje kwa bidii, huku bendi ya polisi ikitembea kinyumenyume. Alipofunga fundo la mwisho, magazeti yaliandika kwamba pampu haijawahi kuzinduliwa.

Mwanasheria Mkuu alikumbusha kwamba pampu isiyozinduliwa haitumiki. Rais alimuuliza imeandikwa wapi. Ikaonekana imeandikwa kwenye kitabu cha sheria, na kitabu cha sheria Mheshimiwa alikuwa hajakifikia kwa sababu ya kuku. Ikawa hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kuijua sheria hiyo. Mwanasheria Mkuu aliambiwa aombe radhi kwa kuijua, akaomba.

Pampu ilirudi Mlonge kwa lori lilelile. Bi Mwamvua alibaki kaburini mpaka alipopokewa na Mndenga mwingine, kwa kuwa aliyemo aliruhusiwa kupumzishwa na wa kabila lake. Aliyempokea alikuwa mzee wa kijiji cha jirani. Alijilaza, akajifunika shuka, kisha akainua kidole. "Sisi," alisema, "ni madawati."

*

Zamu zikaendelea. Mndenga hakushuka ngazi bila kutaja kitu, na Mheshimiwa hakumnyima. Madawati yalikwenda, kitanda cha kujifungulia kikaenda, gari la wagonjwa likatiwa magurudumu likaondoka lenyewe. Hata viluwiluwi vilipata kwao. Rais alishona tepe mpaka vidole vikaota sugu. Dokta Mfaume aliwatembeza wageni kwenye kumbi tupu, akiwaonyesha kwa fimbo mahali ambapo palikuwa na kitu. Taa za stesheni tu ndizo zilizobaki ujiani, kwa kuwa watu waliokuwa wakizisubiri walikataa ziondolewe kabla hawajapita.

Asubuhi moja Pazia alirudi Mlonge kutoka zamu, suti imekunjamana. Aliwakuta wanawake kwenye pampu, na binti mwenye jeraha la mguu ameketi kando akiosha vyombo. Bi Mwamvua alikuwa anasukuma mpini.

"Huko kumebaki nini?" aliuliza.

"Daraja tu, na zile taa. Wanabomoa ukuta ili walitoe daraja. Safari hii litawekwa mtoni kwa kweli."

"Na mtani wetu mzima?"

"Mzima sana. Kanenepa. Jana kaja kunichungulia, kaniuliza kama nimelala vizuri. Anasema maadamu sisi tupo, atawatawala mpaka vitukuu vyetu." Pazia alikunywa maji kwa kiganja, akaonekana ana neno. "Shemeji, hili jambo mimi halinikai. Tumepata vitu vyetu, ndiyo. Lakini ni sisi tunaomfanya asizikike."

Bi Mwamvua aliendelea kusukuma. Maji yalijaa ndoo, yakamwagika kidogo, akaisogeza nyingine.

"Zamu inayofuata daraja ni ya nani?"

"Yako."

"Siku hiyo," alisema Bi Mwamvua, "mimi mgongo utaniuma."

Ilimchukua Pazia muda kuelewa. Kisha akajishika kiuno, akainama polepole kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Kumbe," alisema, "na wangu huwa unasumbua."

Mwanamke mmoja kwenye foleni, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitua ndoo yake chini.

"Wangu mimi," alisema, "naona umeshaanza."